Kitambaa cha Bibi Zena Juu ya Eabegi

Swali lililoninyima usingizi mwaka wangu wa mwisho gerejini ni dogo ukilitamka: kitambaa kikibandikwa kwa gundi juu ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaomkinga abiria ajali ikitokea, na eabegi ikafumuka, hicho kitambaa kitakwenda wapi? Mtu mwenye akili timamu angegeuka upande wa pili akalala. Mimi nililala chali nikiwaza nguvu ya gundi ya viatu.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki gerejini, kwa sababu mmeniomba, na kwa sababu nikiongea ana kwa ana huwa naanza katikati. Watu wananicheka kwamba mtu hastaafu kabla ya kuota mvi. Labda. Lakini naenda kufundisha chuo cha ufundi, ovaroli nimeirudisha, na kama huku si kustaafu basi ni binamu yake. Ya mshahara nayaruka. Ya vyeo pia nayaruka, maana gereji yetu ilikuwa na cheo kimoja tu na mwenye nacho alikuwa Mzee Ladi.

Siku ya kwanza nilifika nikitokea kwetu Mwandiga, nikiwa na shahada ya uhandisi ndani ya bahasha na ovaroli mpya mwilini. Bahasha haikuulizwa. Mzee Ladi, fundi mkuu, Muha wa Kasulu mwenye sauti ya chini na masikio makubwa, alinitazama kuanzia kola hadi pindo.

"Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo ovaroli umeipiga pasi?"

Nilikuwa nimeipiga pasi. Nilikuwa nimeipiga pasi mara mbili, kwa sababu mstari wa kwanza ulipinda.

"Haya, kaoshe ile," akasema, akinionyesha pikapu ya Kibirizi iliyokuwa inabeba dagaa. Nilidhani ananidhalilisha, na asubuhi nzima nikafikiria namna ya kuacha kazi bila kumkosea mtu. Baadaye ndipo nilipoona kwamba kila gari lililoingia pale lilioshwa chini kabla ya kuguswa. Maji ya samaki yakichanganyika na tope letu jekundu yanajificha kwenye mikunjo ya chesesi na kuila polepole, na ufa uliofunikwa na tope haumwonyeshi mtu chochote, awe na shahada au asiwe nayo. Hilo ndilo somo la kwanza na sijaona sababu ya kulibadilisha. Osha kwanza.

Somo la pili sikufundishwa, nilichekwa nalo. Nilikuwa na tabia ya kukaza nati, kuijaribu, kwenda hatua chache, kisha kurudi kuijaribu tena. Siku moja nikarudi kwenye gurudumu lile lile mbele ya wateja.

"Binti," Mzee Ladi akaniita kutoka chini ya gari jingine, "hiyo nati umeikaza, umeikagua. Sasa unaiombea?"

Jina la Muombaji lilinikaa mwaka mzima. Lakini nati zangu hazikulegea, na sioni aibu kuwaambia mrudi kuangalia. Rudini mara moja. Ya pili ni ya kuomba.

Mtajifunza pia kusikiliza. Mteja wa kwetu hasemi beringi imekufa, anautoa mlio wa gari kwa mdomo wake. Mfanyabiashara mmoja wa Ilagala alituigizia mlio wa pikapu yake kwa ustadi hata mafundi wa gereji ya jirani wakaja kusikiliza. Ulikuwa mlio wa kugonga: ko, ko, kooo, na mwishoni kitu kama kikohozi. Tulifungua shokapu, tukafungua springi, tukafungua hadi vitu visivyohusika. Mwisho Mzee Ladi akamuuliza anabeba nini. Mawese. Na akirudi? Madumu matupu. Tukayafunga madumu kwa kamba, mlio ukafa. Yule bwana alihuzunika kidogo, nadhani, kwa kupoteza igizo lake.

Kuna jambo ambalo Mzee Ladi na mimi hatukukubaliana kabisa. Watu walileta magari madogo wakitaka yainuliwe, tuweke vipande vya mpira juu ya springi ili tumbo lisikwaruzwe na matuta. Mimi nilipinga kila mara: gari likiinuka, uzito unapanda nalo, kwenye kona linalala zaidi, na taa zinamulika mbinguni. Yeye alisema barabara ya kwenda shambani kwa mteja haijasoma kitabu changu. Tulipatana hivi: anainua kidogo tu, na mimi napima upya magurudumu na kushusha taa kabla mteja hajaondoka. Hilo endeleeni nalo. Gari lililoinuliwa bila kushushwa taa linampofusha kila anayekuja mbele yake.

Sasa nifike kwa Mama Tausi.

Mama Tausi ni mwenye duka la jumla Ujiji, mawese na dagaa, mwanamke wa kucheka kwa sauti na kuendesha mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa na gari moja refu la milango minne, la familia, lenye buti la kumeza magunia. Tulilijua gari lile kama mtu. Lilipochoka akanunua jingine la jina lile lile lakini la umbo jipya, na siku alipolileta kulionyesha, gereji nzima iliacha kazi.

Lilikuwa limebadilishwa kila kitu isipokuwa jina. Lilikuwa refu zaidi na limekaa chini zaidi, paa limeteremka nyuma kama mgongo wa samaki. Injini ilikuwa ndogo kuliko ya zamani na ilisaidiwa na mota ya umeme, kwa hiyo liliondoka bila sauti, na Mzee Ladi akainamisha sikio lake kubwa akidhani limezimika. Ndani viti vya nyuma vilikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Lilikuwa na kamera nyuma, rada nyuma ya nembo ya mbele, na eabegi kila upande: kwenye usukani, mbele ya abiria, ubavuni mwa viti, na juu ya madirisha kama pazia.

Mama Tausi alituruhusu kulijaribu mpaka Mwandiga. Mzee Ladi aliendesha, mimi nikashika kitabu cha gari. Kwenye mwinuko lilipanda kama linateremka, na wakati wa kushika breki lilitulia, halikuinamisha pua kama lile la zamani. Karibu na Mwandiga mbuzi akakatiza. Kabla mguu wa Mzee Ladi haujafika kwenye breki, gari likasimama lenyewe, mikanda ikatubana vifua. Mbuzi akatutazama, akaenda zake.

"Umekanyaga wewe?" akaniuliza Mzee Ladi.

"Mimi nitakanyaga wapi, mzee?"

Akautazama usukani. "Basi humu tuko watatu. Huyo wa tatu aulizwe kama ana leseni."

Kisha tukapita tuta la kwanza, tumbo likakwaruzwa, akacheka njia yote ya kurudi.

Miezi michache baadaye, siku ya Jumatano, Mama Tausi alilirudisha akiwa amekasirika. "Fundi, gari hili linanipigia kelele. Kengele kutwa nzima, na taa ya njano haizimi. Jumamosi naenda Kasulu, mtoto wa dada yangu anaolewa. Nizimieni kengele, sitaki kusikia kitu."

Nilifungua mlango, nikaona kwamba gari lilikuwa limefanyiwa kila kitu ambacho watu wetu hulifanyia gari wanalolipenda. Mbele lilikuwa limechomelewa ngao ya chuma, nene kama ya lori, na ngao hiyo ilikaa mbele ya rada kama mkono mbele ya macho. Ndiyo iliyowasha taa ya njano. Viti vilivikwa vifuniko vya ngozi bandia, vimeshonwa vikabana kila upande, hata pale ubavuni ambapo eabegi inatakiwa kutokea. Mikanda ya nyuma ilikuwa imefungwa tayari kiti kikiwa kitupu, ili watu waikalie na gari lidhani wameivaa. Na kengele? Kiti cha mbele kilikuwa na gunia la dagaa, na gari lilipoona uzito likataka uzito huo ufunge mkanda.

"Nyuma umeweza kulidanganya, mama," nikamwambia. "Mbele limekukamata."

"Juzi nimelifunga hilo gunia mkanda, kengele ikanyamaza. Lakini siwezi kuwafunga dagaa kila siku, na mama yangu akikaa mbele hataki kufungwa."

Mzee Ladi akasema, "Kwa hiyo kwenu dagaa wana usalama kuliko bibi."

Mama Tausi alicheka mpaka akaegemea mlango, na kwa kicheko hicho akakubali karibu yote: ngao itolewe, vifuniko vifumuliwe ubavuni, gunia lihamie kwenye buti. Nikadhani kazi imeisha. Kisha akaona ninatazama dashibodi.

Juu ya dashibodi, kutoka kioo hadi kioo, kulikuwa na kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye pindo la buluu na majina ya wajukuu wote. Kilikuwa kizuri. Sina neno jingine. Nilikigusa pembeni nikaona hakisogei.

"Hicho amekifuma mama yangu," akasema Mama Tausi, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Macho yake yanaondoka, amesema ndicho cha mwisho. Kilikuwa kinateleza kwenye kona, tukakipiga gundi ya viatu. Kila kitu gusa, mwanangu. Hicho usikiguse."

"Jumamosi nani anakaa mbele, mama?"

"Mama. Na mjukuu wangu mdogo, anampakata. Hakubali kukaa kwa mtu mwingine."

Ndipo usingizi uliponihama. Kwa upande mmoja palikuwa na bibi, mtoto mapajani mwake, na mfuko unaotoka kwa kasi kuliko kufumba na kufumbua. Kwa upande wa pili, sikuwa na uhakika. Kitabu cha gari kilikataza kubandika chochote pale, lakini hakikusema kitambaa kitafanya nini. Labda kitachanika tu. Labda kitauelekeza mfuko kando. Labda kitang'oka na kipande cha plastiki. Labda hapatakuwa na ajali kabisa, na mimi nitakuwa nimemvunja moyo mwanamke mzee kwa jambo lililokuwa ndani ya kichwa changu tu. Nilijua kichwa changu. Kina historia.

Alhamisi tulifanya hayo mengine yote. Ngao ikatoka, rada ikafumbua macho, taa ya njano tukaizima kwa mashine ya kusoma hitilafu za gari. Nikamweleza Mzee Ladi kuhusu kitambaa.

"Vitambaa nimeviona tangu nikiwa kijana," akasema. "Hakuna aliyeuawa na kitambaa."

"Vilikuwa kwenye magari yasiyo na eabegi, mzee."

Akafuta mikono. "Lile lake la zamani lilikuwa nayo. Na kitambaa lilikuwa nacho."

Hilo lilinikwamisha, maana ni kweli. Nikajaribu kulikumbuka gari la zamani, na nikakumbuka. Kwenye lile, eabegi ya abiria ilikuwa na kifuniko kinachoonekana, kama mlango mdogo. Bibi alifuma kitambaa chenye tundu la mraba, akazunguka mlango ule, bila shaka akidhani ni droo. Katika umbo jipya mlango umefichwa. Waliolisanifu walitaka dashibodi laini, wakaupitisha mstari chini ya plastiki, usioonekana kwa jicho. Bibi aliona uwanja mtupu, akaufunika wote.

"Ego," akasema Mzee Ladi nilipomaliza, kwa Kiha chake cha kukubali nusu. "Inaweza kuwa hivyo. Inaweza isiwe. Mama Tausi anakuja kesho mchana. Funguo ziko kwako, mimi sizichukui."

Sikumpenda sana siku ile.

Ijumaa asubuhi nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka yote pale: nilitoka gerejini nikiwa na funguo za mteja mfukoni. Uwani tulikuwa na gari lililokufa kwa ajali, eabegi yake ilishafumuka zamani, kitambaa cha mfuko wake kitupu kinaning'inia. Nilikikata, nikakikunja, nikapanda bodaboda kwenda Ujiji.

"Dada, hilo parachuti?" dereva akauliza.

"Karibu na hapo."

Nilimkuta Bibi Zena barazani, mama yake Mama Tausi, mwembamba, miwani mizito, sindano ya kufumia mkononi ingawa hakuwa na uzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa gerejini, bibi. Nimekuja kuhusu kitambaa chako cha gari."

"Kimechanika?"

"Hapana. Naogopa hakitachanika."

Akaishusha sindano. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yenye sehemu tatu na hitimisho, na yote yakanitoka. Nikamwekea ule mfuko mapajani. Akaupapasa kama watu wa kazi yake wanavyopapasa, kwa ncha za vidole, akifuata uzi.

"Kimeshonwa vizuri," akasema. "Kwa nini kina matundu huku nyuma?"

"Ili hewa itoke polepole mtu akishakiegemea. Kinakaa ndani ya dashibodi, mbele yako. Gari likigonga, kinachomoka na kukudaka."

"Kinachomokea wapi? Pale hapana mlango. Lile la kwanza lilikuwa na mlango, nikauacha wazi."

"Mlango upo, bibi. Wameuficha chini. Pana mstari mwembamba ambao umetengenezwa uachie."

Vidole vikasimama. "Mshono wa kuachia."

"Ndiyo."

"Na mimi nimepita juu yake kwa nyuzi mbili, na binti yangu akatia gundi." Alisema hivyo taratibu, bila huzuni, kama mtu anayehesabu mishono. "Na mtoto ninampakata pale pale."

"Ndiyo, bibi. Sijui kitatokea nini, siwezi kukudanganya. Inawezekana kisitokee kitu. Ila mimi nisingekaa hapo na mtoto, hata kitambaa kisipokuwepo. Mtoto ni wa nyuma, kwenye kiti chake."

Aliukunja ule mfuko katika pande nne zilizo sawa, akanirudishia. "Nipe mkono niinuke. Niite bajaji. Kazi ya mikono yangu haibanduliwi na mtu mwingine."

Tuliingia gerejini pamoja, na Mzee Ladi aliposikia bajaji akatoka, akaona, akavua kofia. Nilitenganisha betri tukasubiri kidogo kabla ya kuanza, na nyinyi msisahau kamwe kufanya hivyo mkigusa kitu chochote karibu na eabegi. Nikaazima mashine ya kukaushia nywele kwa mama wa saluni ya jirani, kwa sababu moto mkali pale hautakiwi. Bibi Zena alikaa kiti cha mbele. Mimi nilipuliza hewa ya uvuguvugu, yeye akanyanyua, kidogo kidogo, kwa ncha ya sindano yake, kuanzia pindo la buluu. Gundi iliyobaki niliisugua kwa sabuni na maji. Petroli ingeitoa haraka, lakini petroli inakula plastiki, na ule mstari hautaki kuliwa. Hakuna uzi hata mmoja uliokatika.

Mama Tausi akatokea tukiwa tunamaliza. Aliona dashibodi tupu, akaniona mimi, na nikaanza kupanga maneno ya kuaga kazi.

"Nilisema kisiguswe."

"Nimekigusa mimi," akasema mama yake, bila kugeuka. "Wewe na gundi yako. Njoo ukae hapa usikilize, kuna mlango humu ndani."

Walibishana kama wanavyobishana watu wanaopendana, kwa sauti na bila kusikilizana. Mtoto atakaa nyuma, kwenye kiti chake, mama yake ubavuni. Atalia. Alie. Bibi naye akae nyuma. Bibi hakai nyuma, yeye si mzigo. Hapo nikaingilia nikasema mbele panawezekana, kiti kirudishwe mwisho, mkanda ufungwe. Kitambaa kikatandikwa nyuma, chini ya kioo, kikishikwa kwa pini mbili, majina ya wajukuu yakitazama barabara waliyotoka.

"Na mkanda?" Mama Tausi akauliza. "Hataki mkanda."

Bibi Zena akauvuta mwenyewe, akaupapasa upana wake na ufumaji wake. "Nao umefumwa," akasema, akautafuta mdomo wa kufungia kwa kidole. Ukalia, klik. Kengele haikulia.

Mzee Ladi alikuwa amesimama kando muda wote. "Muombaji," akaniita, jina ambalo hakuwa amelitumia kwa muda mrefu, "mpe mteja funguo zake."

Nikazitoa mfukoni. Zilikuwa za moto kwa kushikwa. Nikazirudia nati za magurudumu mara moja, mara moja tu, kisha nikamkabidhi Mama Tausi.

Walikwenda Kasulu, wakarudi wamechoka na wameshiba. Eabegi ile haijafumuka hadi leo, kwa hiyo sijui kitambaa kingekwenda wapi. Katika maswali yote niliyowahi kuyapeleka kitandani, hilo peke yake nimeliacha bila jibu, na usiku wa Ijumaa ile nililala.